Jibu: Gliserini nyeusi iliyobaki baada ya biodizeli

Ndugu yangu wa Likoni, umeuliza kama gliserini iliyobaki baada ya kugeuza mafuta yaliyokaangia viazi karai kuwa biodizeli, yaani mafuta ya kuendeshea injini za dizeli, yaweza kuchemshwa tu, kisha itiwe kwenye losheni. Haiwezi, na tafadhali usiibandike kwenye jiko la makaa.

Ndani yake mna methanoli, ile ile inayopofusha watu kwenye pombe haramu. Huchemka karibu nyuzi 65, mvuke wake hushika moto upesi, na mwali wake mchana hauonekani vizuri. Methanoli hiyo ivukize kwanza, ukiwa nje penye upepo, kwa hita ya umeme na bomba la kupoza mvuke, uitumie tena.

Kisha vaa glavu na miwani, tia asidi ya fosfori kidogo kidogo huku ukikoroga, pH (kipimo cha ukali wa asidi) ishuke hadi baina ya 2 na 4. Sabuni iliyomo ndani ya gliserini hiyo huvunjika: asidi za mafuta huelea juu, gliserini hukaa kati, chumvi hutuama chini. Iache usiku kucha. Wengi huharakisha hapa, nami naona ndipo kazi yenyewe ilipo. Rudisha pH hadi 7, chuja, ondoa maji. Makaa amilifu ya vifuu, yaani yaliyoandaliwa maalumu kunasa uchafu, hupunguza rangi; ya kupikia hayafai.

Hata hivyo bado si ya kupaka mwilini. Ya kupaka hutaka mtambo wa kuigeuza mvuke huku pampu ikivuta hewa ili ichemke kwa joto dogo, maana kwa kawaida gliserini huchemka nyuzi 290 na huharibika kwa joto hilo. Kwa kutengenezea sabuni ya kufulia, sawa kabisa.