Barua kwa mwanangu: Castle abaki au auzwe?

Dar es Salaam, Septemba 2025

Mwanangu,

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu. Mara ya kwanza, ulivyoanza kwa kushusha pumzi, nikajua kuna msiba. Kumbe ni Spurs, timu yako ya kikapu ya huko San Antonio, Marekani. Naliandika swali lako hapa kama lilivyo, baba yako asije akasema nimejitungia: "Mama, wewe uliyecheza, niambie. Huyu Stephon Castle yumo kwenye mipango yao ya muda mrefu, au wamuuze sasa hivi bei yake ikiwa juu? Maana Fox wameshamleta, Harper wameshamchukua, na mpira ni mmoja." Hao watatu wote ni magadi, wachezaji wa kushika na kuuongoza mpira. Kukujibu kwa sauti ningemaliza bando, na mimi nikianzisha habari za kikapu baba yako huhamia barazani. Ndiyo maana nimekaa na kalamu.

Wasimuuze. Hilo ndilo jibu langu. Ila ile hoja yako ya kumtetea, kwamba hauzwi mtu aliyetoka kutwaa tuzo ya Mchezaji Bora Chipukizi, iweke pembeni kabisa. Februari hii Dallas wamemuuza Luka Dončić, kijana wa miaka 25 aliyewafikisha fainali mwaka jana tu. Mji mzima ulilala ukijua yule ndiye mpango wenyewe, ukaamka ni mtu wa Los Angeles. Baba yako naye anasema Castle auzwe, lakini usimsikilize, yeye kila mchezo anaupima kwa usajili wa Yanga.

Na hapo hapo San Antonio unapoishi ndipo penye ushahidi mwingi. Wewe umeikuta timu na Wembanyama, yule nyota wao mrefu, hujui magadi waliopita pale walivyopimwa. Tony Parker walimchukua 2001, wa 28 kwenye drafti, ile siku timu za NBA zinapochagua vijana wapya kwa zamu. Mwaka 2003 wakabeba kombe naye akiwa na miaka 21, na kabla jasho halijakauka wakamwita Jason Kidd, gadi wa New Jersey, waje wazungumze. Yule yule Kidd waliyetoka kumfunga kwenye fainali! Fikiria uko kijana, una pete ya ubingwa kidoleni, na waajiri wako wanamtembeza mjini mtu wa kukalia kiti chako. Kidd akakataa, akabaki New Jersey. Parker akakaa San Antonio mpaka 2018, akabeba makombe manne, na 2007 akawa mchezaji bora wa fainali. Kwa hiyo ukimuuliza mtu mwaka 2003 kama Parker yumo kwenye mipango, jibu la kweli lilikuwa "hayumo sana". Akawa yeye ndiye mpango kwa sababu mwingine alikataa.

George Hill naye, gadi mwingine. Kocha Popovich alimpenda yule kijana hadi kila mtu akajua. Juni 2011 wakampeleka Indiana, wakapata kijana aliyeteuliwa wa 15, Kawhi Leonard, na 2014 Kawhi akawa mchezaji bora wa fainali, kombe likarudi mjini. Hill hakukosa lolote. Mbele yake alisimama Parker, na timu ilikuwa na shimo mahali pengine.

Anayeniuma mimi ni Dejounte Murray. Mwaka 2022 alicheza All-Star, mchezo wa nyota wa ligi, na Juni mwaka huo huo akauzwa Atlanta kwa teuzi tatu za raundi ya kwanza ya drafti pamoja na Danilo Gallinari. Kilichomponza ni uzuri wake. Angebaki, angewashindia michezo ya kutosha kuwaweka katikati, kombe hawalioni na mkia hawauburuzi. Walipomtoa wakashinda michezo 22 kati ya 82, bahati nasibu ya timu dhaifu, ile ya kupanga nani achague kwanza, ikawaangukia, wakampata Wembanyama. Yaani yule mrefu unayemlipia tiketi alikuja kwa mlango aliofungua Murray kwa kutoka.

Sasa nije kwa Castle, nisije nikaambiwa nazunguka mbuyu. Pale San Antonio kila mtu anapimwa kwa kipimo kimoja tu: anakaa vipi na Wembanyama? Akikaa vizuri, yumo. Akimbana, hata awe na tuzo kabati zima, hayumo.

Usihukumu kwa namba za msimu uliopita peke yake. Pointi 14.7 kwa mchezo na pasi nne za kufungia ni kazi nzuri kwa mtoto wa miaka 20, na michezo 81 kati ya 82 inanionyesha mwili usiodeka. Lakini kumbuka jikoni alikuwa amebaki na nani. Wembanyama alisimama Februari kwa damu iliyoganda begani. Fox alifika mwezi huo huo kutoka Sacramento, akacheza michezo 17, akaenda kufanyiwa upasuaji wa kidole. Aliyebaki kumwelekeza ni Chris Paul, mzee wa miaka 39 aliyeanza michezo yote 82, Mungu anipe na mimi goti kama hilo. Castle alishika mpira kwa sababu mpira ulihitaji mtu. Mwaka huu wenye nyumba wamerudi, Paul amekwenda Clippers, na bahati nasibu ya Mei imewapa Dylan Harper, wa pili kwenye drafti. Magadi watatu, na sisemi yale ya kulainishia maharage. Usidhani kuna mtu alipanga hivyo. Walimpanga Fox, Harper akaja kwa bahati, na mtoto kama yule humkatai eti nyumba ina vitanda viwili.

Kwa hiyo Castle atacheza dakika nyingi mpira ukiwa mikononi mwa mwenzake. Hapo ndipo penye kesi yake yote, na hapo ndipo nilipotaka kufika, kwa sababu nimewahi kukaa hapo. Mitupo yake ya pointi tatu msimu uliopita iliingia asilimia 28.5. Wewe unaisoma kama namba. Mimi naisoma kama mkono wa mtu uko kiunoni.

Nikueleze. Miaka ya tisini mwanzoni, klabu yetu ilikuwa ikifanya mazoezi kwenye uwanja wa saruji wenye ufa mrefu kutoka mstari wa pembeni hadi katikati, ringi hazina nyavu, ukifunga ilibidi ubishane kama umefunga. Mimi pointi gadi. Mwepesi, nadribo mikono yote miwili, na sina mtupo wa mbali hata wa dawa. Siku moja tunacheza na timu fulani, nikakabwa na dada mmoja mwenye kitambaa chekundu kichwani. Kunikaba gani! Mpira ukitoka mikononi mwangu anarudi hatua nne nyuma, anasimama mguu mmoja ndani ya eneo la senta wetu, yule mrefu wa kucheza karibu na goli, mkono kiunoni kama anasubiri daladala. Hata kunitazama hanitazami. Senta wetu kila akipokea mpira anakuta watu wawili, yule wake na huyu wangu. Mapumziko akanifuata, jasho linamtiririka, akaniambia: "Shoga, wewe unanikaba kuliko wao."

Kipindi cha pili kocha akanitoa. Akamwingiza msichana ambaye kiti tu asingekipita kwa kudribo, ila ukimwacha kwenye kona anakufunga. Yule mwenye kitambaa ikabidi amfuate huko kwenye kona, senta wetu akapata nafasi ya kugeuka, tukashinda kwa pointi nne. Mimi niko benchi nimeshika chupa za maji za watu. Nilinuna wiki nzima, nikasema kocha ana chuki. Hakuwa na chuki. Macho tu alikuwa nayo.

Mtupo wenyewe sikuupata mpaka nilipoacha. Nilichokipata ni kingine. Mtu aliyesimama mkono kiunoni akimtazama senta wako hakuoni wewe. Nikaanza kuchomoka nyuma ya mgongo wake pale pale anapogeuza shingo. Senta anapokea, ananipa, nimeshafika chini ya goli. Nikaanza pia kwenda kumzuia mtu anayemkaba mwenzangu ili mwenzangu apite. Mechi ya tatu baada ya pale nikarudishwa, na mwenye kona akabaki kwenye kona yake. Tukacheza wote wawili.

Ndiyo maana Castle hanitishi. Ana futi sita na inchi sita na mabega ya mtu mzima. Akimzuia mtu, mtu anazuilika. Akichomoka kwenda golini, anamaliza kwa kudanki, kuupigilia mpira ndani ya ringi. Ulimwona mwenyewe Februari kwenye shindano la kudanki alivyoshika nafasi ya pili. Na mtoa pasi pale katikati ni Wembanyama, anayeona uwanja kutoka juu kama mtu aliye ghorofani. Upande wa kukaba ndiyo kabisa. Fox ni mwembamba. Usiku ambao wapinzani wana gadi mkubwa, mtu wa kumpa kazi hiyo ni Castle. Timu yenye Fox inamhitaji Castle kuliko timu isiyo na Fox. Hilo wanaosema auzwe hawalihesabu.

Mtupo nao hurekebishwa. Parker alikuwa na mkono mbaya mpaka 2005 walipomleta Chip Engelland, fundi wa mitupo. Hakumwambia atupe pointi tatu nyingi zaidi. Alimpunguzia, akaanza kujenga upya mitupo ya kati, hatua kwa hatua. Tatizo ni kwamba fundi huyo tangu 2022 yuko Oklahoma City kwa mabingwa wa 2025 wenyewe. Hilo lingekuwa swali zuri kuliko lako: nani sasa anashika kiwiko cha Castle asubuhi?

Kuhusu bei kuwa juu. Asubuhi ya 26 Juni 2009 wewe ulikuwa bado shule ya msingi, nakufungia kamba za viatu mlangoni, na redio inatangaza kwamba Hasheem Thabeet wetu kachaguliwa wa pili, na Memphis. Ametoka chuo kile kile cha Connecticut alichotoka Castle. Nililia, sioni haya kusema. Lakini Memphis walikuwa na Marc Gasol kwenye nafasi ile ile. Februari 2010 Thabeet akashushwa ligi ya chini, Februari 2011 akapelekwa Houston. Na unajua kwa nini walimruka James Harden aliyechaguliwa wa tatu na Stephen Curry wa saba? Walikuwa na magadi vijana tayari, O.J. Mayo na Mike Conley. Mayo aliondoka 2012. Conley, ambaye wakati ule watu walimsema sana, alikaa mpaka 2019. Naye alichaguliwa wa nne, kama Castle. Angeuzwa 2009 bei ikiwa juu, nani angemlisha Gasol miaka yote ile?

Hela nitaipitia haraka maana hiyo ni fani ya mkeo. Mkataba wa kijana wa raundi ya kwanza ni miaka minne. Miwili ya mwanzo imehakikishwa, mwaka wa tatu na wa nne timu ndiyo inaamua. Mwaka wa tatu wa Castle wanatakiwa kuukubali kabla Oktoba haijaisha, na usikupe homa, watauchukua. Fox ameongezewa mwezi uliopita miaka minne, takriban dola milioni 229, kuanzia msimu wa 2026. Wembanyama anaruhusiwa kusaini nyongeza ya mkataba majira yao ya joto yajayo, na huyo hakuna wa kumwomba apunguze. Castle ataanza kula hela kubwa 2028, Harper mwaka mmoja baadaye. Maana yake kwa misimu mitatu mizima Castle ni gadi mzuri wa bei ya chini, katika timu ambayo wengine watakuwa ghali. Kitu kama hicho unanunua, huuzi. Mwaka 2028 ndipo kitakapokaliwa kikao, na siku hiyo nitakayemtazama kwa wasiwasi ni Fox, atakuwa na miaka 30 na mchezo wake wote ni mbio. Mimi nilifika thelathini. Mbio ndiyo inaanza kuaga.

Sasa nina kazi ya kukupa. Msimu ukianza, ukienda Frost Bank Center, uwanja wao, kaa kule juu kwenye bei rahisi, ndiko unakoona uwanja wote. Fox akiwa na mpira usimtazame Fox. Mtafute anayemkaba Castle. Yuko hatua ngapi kutoka kwake? Shingo imegeukia wapi? Mkono uko kiunoni au umenyooshwa? Hesabu robo moja tu, uniandikie, na mwezi wa pili uhesabu tena. Matokeo ya mchezo usinitumie, nitayaona mwenyewe saa kumi alfajiri na chai yangu.

Viatu ulivyoahidi usilete, goti limekataa. Leta ile dawa ya kuchua yenye kifuniko cha kijani, chupa mbili, moja ya baba yako ambaye anasema haumwi.

Mama