Modeli ya transista ya feroelektriki inayokwama volti inaposhuka

Ndugu yangu wa Lubumbashi, umeeleza kwamba simulesheni yako ya transista ya feroelektriki (inayokumbuka ilichoandikiwa hata umeme ukizimwa) huenda vizuri volti ya geti, yaani mguu unaoidhibiti transista, inapopanda kutoka 0 hadi 4, lakini hukwama mara inapoanza kushuka. Mimi hapa Bukavu nilipoteza wiki nzima kwa kosa hilohilo.

Chanzo ni sharti la "kama" uliloliandika ili kuchagua tawi la grafu la kupanda au la kushuka. Ndani ya hatua moja ya muda, programu hukisia volti mara nyingi, ikienda mbele na kurudi nyuma, na kila inapogeuka modeli huruka kutoka tawi moja hadi jingine, hivyo jibu halitulii. Liondoe. Ifanye polaraizesheni (mpangilio wa chaji ndani ya tabaka la feroelektriki) iwe hali yenye kumbukumbu, ambayo kasi yake ya kubadilika ni tofauti kati ya thamani inayolengwa na iliyopo, ikigawanywa kwa muda wa kuchelewa. Muda huo uwe mrefu mno uga wa umeme ukiwa dhaifu na mfupi ukiwa mkali, la sivyo transista itasahau ilichoandikiwa. Nao uwekewe kikomo, kwa sababu uga ukifika 0 kanuni ya kipeo inayokokotoa muda huo hutoa namba isiyo na mwisho.

Kagua pia nodi (kiungo cha saketi) iliyo kati ya tabaka la feroelektriki na geti, kwani haina njia ya mkondo wa moja kwa moja kwenda ardhini. Iunganishe na ardhi kupitia rezista ya omu trilioni 1: nodi ikiwa na uwezo wa kuhifadhi chaji wa femtofaradi 1, utapata muda wa kuvuja chaji wa sekunde 0.001, na mapigo ya mikrosekunde hayataharibika.