Kabla hujaanza kugawanya 4,294,967,297

Wadogo zangu mnaoanza nadharia ya namba, chukueni kalamu, na mkae kwanza na namba hii moja: 4,294,967,297, yaani 2³² + 1.

Mimi nilipewa mwaka wa kwanza, nikaulizwa kama ni namba tasa. Nikaanza kwa mazoea ya sekondari. Inaishia na 7, basi 2 na 5 hazimo. Jumla ya tarakimu ni 59, basi 3 haimo. Nikajaribu 7, 11, 13, nikaendelea mpaka usiku wa manane. Nilipovuka 300 nikachoka, nikaandika kwamba ni tasa. Nilikosa.

Mwanahisabati Pierre de Fermat naye aliamini hivyo, huko Ufaransa mwaka 1640. Alikuwa na sababu: 3, 5, 17, 257 na 65,537 zina umbo hilohilo (2 kwa kipeo cha 1, 2, 4, 8 na 16, kisha ongeza 1), na zote ni tasa. Mifano mitano mfululizo inashawishi sana, lakini si uthibitisho. Mwaka 1732 mwanahisabati Leonhard Euler alionyesha kuwa ya sita inagawanyika: 641 × 6,700,417.

Kwa njia yangu ningepitia namba tasa 115 kabla ya kuifikia 641. Laiti ningeuliza kwanza: kigawo cha namba hii kinaweza kuwa cha aina gani? Tuseme namba tasa p inaigawanya. Basi 2³² ukiigawanya kwa p inabaki p − 1, na 2⁶⁴ inabaki 1. Mabaki ya vipeo vya 2 yanazunguka kwa hatua 64 kamili, na urefu wa mzunguko huo lazima uigawanye p − 1. (Kanuni hiyo ya mwisho ni ya Fermat mwenyewe!) Kwa hiyo p ni 64k + 1. Ziandike: 65, 129, 193, 257, 321, 385, 449, 513, 577, 641. Ondoa zisizo tasa, zinabaki tano tu, na ya tano ndiyo unayoitafuta. Kazi ya usiku mzima inakuwa ya dakika kumi.

Hata kugawanya kwenyewe si lazima. Tazama 641 kwa karibu: ni 5 × 2⁷ + 1, tena ni 5⁴ + 2⁴, yaani 625 + 16. Ukihesabu mabaki ya 641 tu, 5 × 2⁷ ni sawa na −1. Ipandishe kwa kipeo cha 4: 5⁴ × 2²⁸ ni sawa na 1. Lakini 5⁴ ni sawa na −2⁴. Ibadilishe: −2³² ni sawa na 1, hivyo 2³² + 1 haiachi baki. Mistari hii minne niliinakili mara tatu siku nilipoielewa, kwa furaha tu.

Mkishaizoea, chukueni 2⁶⁴ + 1. Safari hii vigawo ni 128k + 1, na kilicho kidogo kuliko vyote ni 274,177. Tafuteni k yake, kisha mkihakikishe bila kikokotoo.