Ugali wa Bamia Kisiwani

Swali: Dada, nasikia mlikaa Barbados miezi mitatu mumeo akiwa kazini. Watoto walipenda nini zaidi? – Msomaji, Kondele, Kisumu

Jibu: Ijumaa jioni kule Oistins, mji wa wavuvi, samaki wakichomwa na muziki ukilia. Mimi nilinaswa na cou-cou: unga wa mahindi unaosongwa kwa maji yaliyochemshiwa bamia, ukateleza kama mrenda, kando yake samaki arukaye kwenye mchuzi. Kifungua mimba wangu alininong'oneza, "Mama, hii ni ugali imevaa nguo za harusi." Kasa wa Carlisle Bay nao walipita chini ya miguu yetu, wapana kama sufuria za matanga. Pwani ya Bathsheba tulitazama tu. Mawimbi yale si ya ufuo wetu wa Dunga, Kisumu. Na samaki wao, wanisamehe, hafikii ngege wetu.