Miaka tisa ya hoteli Doha na ndoto ya ukaazi wa kudumu: anza na barua ya kazi

Mdogo wangu, umeuliza mambo mawili. Kwanza, kama miaka yako tisa ya hoteli Doha, minne ya mwisho ukiwa meneja msaidizi wa mgahawa, inaweza kukupatia ukaazi wa kudumu nchi nyingine. Pili, kama umpe wakala dola 4,000 anazodai ili akutafutie kazi Kanada. Una miaka 34, diploma ya utalii, mke na mtoto wako Tanga. Nitakujibu kwa kirefu, maana njia hiyo nimeipita mwenyewe na safari ya kwanza niliangukia pua.

Hela usitoe. Mwajiri anayekuhitaji kweli ndiye anayebeba gharama ya kukutafuta. Mtu anayelipwa kwa kukushauri au kukujazia maombi ya uhamiaji wa Kanada lazima awe mwanasheria mwenye leseni au mshauri aliyesajiliwa na College of Immigration and Citizenship Consultants, na daftari la majina yao liko wazi mtandaoni. Muombe namba yake ya usajili. Akianza kukuzungusha, umeshapata jibu.

Kuhusu kubaki hukohuko Ghuba: Qatar ina sheria ya ukaazi wa kudumu tangu 2018, lakini kwa aliyezaliwa nje inadai miaka 20 ya kuishi humo pamoja na Kiarabu, na vibali havizidi 100 kwa mwaka. Dubai wana viza ya dhahabu ya miaka 10, ila kwa sisi wa kuajiriwa inataka shahada na mshahara wa dirhamu 30,000 kwa mwezi. Meneja wa mgahawa anayelipwa hivyo mimi sijakutana naye. Miaka ya Ghuba haikupi makazi ya kudumu pale, lakini ni uzoefu unaohesabika kwingine ukiwa na ushahidi wake.

Na kwenye ushahidi ndipo nilipoanguka. Nilianza kama mhudumu pwani ya mashariki ya Unguja mwaka 2009, nikapanda hadi supavaiza, kisha nikaenda Dubai mwaka 2014 na kuwa meneja msaidizi. Mwaka 2019 niliomba Kanada kupitia Express Entry, mfumo wao wa kuchagua wahamiaji wenye ujuzi kwa pointi. Pointi zilitosha, nikapata mwaliko, nikalipa ada, nikapima afya. Baada ya miezi saba nikakataliwa: uzoefu wa kazi haukuthibitishwa. Barua yangu ya hoteli ya Unguja ilikuwa na mistari mitano. Nilifanya kazi tangu tarehe fulani hadi tarehe fulani, nilikuwa mwaminifu, mchapakazi, wananitakia kila la heri. Basi. Hakuna majukumu, hakuna saa za kazi kwa wiki, hakuna mshahara.

Afisa wa uhamiaji hasomi cheo kilichoandikwa kwenye beji yako. Anachukua orodha ya kazi ya Kanada inayoitwa NOC, anafungua ukurasa wa kazi unayodai, kisha anatafuta majukumu yale ndani ya barua yako. Meneja wa mgahawa ni namba 60030, meneja wa hoteli 60031, na zote ziko ngazi ya juu kabisa, TEER 0 (TEER ni ngazi za kazi kuanzia 0 hadi 5; namba ikipanda, ngazi inashuka). Supavaiza wa huduma ya chakula ni 62020, TEER 2, naye anahesabika. Lakini mhudumu wa mezani ni TEER 5, na wa mapokezi, baa, hata yule anayepokea wageni mlangoni mwa mgahawa, wako TEER 4. Express Entry inahesabu TEER 0 hadi 3 tu. Kwa hiyo barua ikisema ulikuwa ukikaribisha wageni, kuchukua oda na kuhakikisha wameridhika, umejishusha mwenyewe hadi uhudumu, hata kama ulikuwa ukiongoza watu thelathini.

Nilirudi likizo nikaenda hoteli ileile ya Unguja. Meneja mkuu niliyemjua alishaondoka, mmiliki alishabadilika, na kijana wa HR alikuwa hajawahi kunisikia. Aliyeniokoa ni mhasibu mzee aliyekuwepo tangu enzi zangu. Alitoa boksi la rosta za zamani kwenye kabati, karatasi zimejikunja kwa unyevu wa bahari, na jina langu liko juu kila wiki, saa 48, kwa mwandiko wangu mwenyewe, kwa sababu rosta nilikuwa nazipanga mimi. Tukaketi chini ya feni tukaandika barua upya, kurasa mbili: alipanga zamu za wafanyakazi 14, alishiriki kuajiri na kufundisha, alihesabu stoo kila mwisho wa mwezi, alikubaliana bei na wavuvi na wasambazaji wa mboga, alifuatilia gharama ya chakula dhidi ya bajeti. Kila neno lilikuwa kweli, na rosta ziliambatanishwa. Karatasi yenye nembo, mhuri, sahihi, cheo cha aliyesaini, simu na baruapepe ya hoteli. Barua ya namna hiyo itafute sasa, ukiwa bado kazini na meneja wako anakuonea huruma. Ukiacha kazi kwa ugomvi huipati.

Sasa njia zenyewe. Kwenye Express Entry, kundi la wataalamu walio nje linadai angalau mwaka mmoja mfululizo wa kazi inayokubalika, Kiingereza cha 6.0 kwa kila kipengele cha IELTS ya jumla (mtihani wa Kiingereza), tathmini ya diploma yako, na pointi 67 kati ya 100 ili tu uruhusiwe kuingia. Baada ya hapo unashindanishwa kwa pointi nyingine, na hapo ndipo kugumu. Mwaka 2025 raundi za mialiko kwa waliokwisha kufanya kazi ndani ya Kanada zilidai pointi zaidi ya 500. Pointi za kuwa na ofa ya kazi zilifutwa Machi 2025, kwa hiyo wakala anayekuuzia ofa ili "ikupandishe" anauza kitu kisichokuwepo. Umri nao unakula: ukishavuka 30 unapoteza kama pointi tano kila mwaka, na ukifika 40 zinaanza kukatika kumi kumi. Fedha za kuanzia maisha kwa familia ya watatu ni dola 23,360 za Kanada kwa viwango vya Julai 2025, na mke na mtoto wanahesabiwa hata wakibaki Tanga.

Mlango ambao watu wetu wanaupita bila kuuona ni Kifaransa. Machi 2025 raundi ya wanaojua Kifaransa ilishuka hadi pointi 379. Rafiki yangu Mrundi, tuliyefanya naye kazi Dubai, alipita hapo kwa mtihani wa TEF Canada huku mimi nikiwa bado nahangaika na barua. Ndugu zetu wa Bujumbura, Goma na Lubumbashi waliosoma kwa Kifaransa wana mali mkononi. Wewe ungeanzia sifuri, na kiwango kinachotakiwa ni NCLC 7 (kipimo cha Kanada cha Kifaransa) kwenye vipengele vyote vinne, kusoma kwa dhati mwaka na zaidi. Doha kuna madarasa. Kwa umri wako ningeingia.

Mimi mwishowe nilipita programu ya Atlantiki, ya mikoa minne ya mashariki, nikapata hoteli Moncton mwaka 2022. Unahitaji mwajiri aliyeidhinishwa na mkoa, saa 1,560 za kazi ndani ya miaka mitano, na Kiingereza chepesi kuliko cha Express Entry. Hata wa mapokezi anaweza kuomba, maana TEER 4 wanakubaliwa akipewa ajira ya kudumu. Chunga jambo moja: kazi isiwe ya msimu. Hoteli nyingi za fukwe kule hufungwa baridi ikianza, na ofa yao haikufai. Tena tangu serikali ipunguze nafasi za mikoa mwaka 2025, iko mikoa iliyofunga au kubana maombi ya sekta yetu, kwa hiyo soma tovuti ya mkoa wenyewe kabla ya kumwandikia mwajiri.

Uingereza ilipandisha kiwango cha viza ya kazi Julai 2025 hadi kazi za ngazi ya shahada, na mameneja wa migahawa wakabaki nje pamoja na wapishi. Australia bado inamtazama meneja wa hoteli: VETASSESS ndio wanaopima ujuzi, nao ni wakali kwa barua za kazi kuliko Wakanada. Viza ya 491 inakutaka uishi nje ya miji mikubwa, na baada ya miaka mitatu ndipo unaomba ya kudumu.

Hizo dola 4,000 zingekulipia IELTS, tathmini ya diploma na muhula wa kwanza wa Kifaransa, na chenji ingebaki. Na kabla ya zamu yako ya kesho, fungua simu upige picha kila rosta yenye jina lako iliyobandikwa pale ofisini.