Roboti ya kufagia na mazingira: acheni kubishana wati, angalieni kituo na betri

Wakuu, mleta uzi kauliza hivi: kwa kuwa roboti ya kufagia inakula umeme kidogo kuliko mashine ya kawaida ya kufyonza vumbi (vakyumu), je, akinunua atakuwa amepunguza madhara kwa mazingira? Tena anaegemea ile ambayo kituo chake, yaani pale inaporudi kujichaji, kinanyonya vumbi na kufua pedi za deki chenyewe. Karibu wote mliomjibu mmemjibu kwa wati. Mimi natengeneza vifaa vya umeme vya nyumbani, roboti hizi zinapita mezani kwangu kila mara, na ninayo yangu. Kwa ninavyoziona, umeme wa kufagia ndio kipande kidogo kuliko vyote kwenye hesabu hii.

Tuumalize kwanza huo umeme. Betri za roboti nyingi ni za volti 14.4, na zile kubwa zina ampea-saa 5.2. Zidisha, unapata wati-saa 75 hivi. Weka na unaopotea kwenye kuchaji, sema 90. Kwa hiyo hata ikimaliza betri nzima kila inapotoka, ni lazima itoke mara 11 ndipo imalize uniti moja, yaani wati-saa 1,000. Vakyumu ya wati 800 inaila uniti hiyo kwa saa moja na robo. Roboti imeshinda, sibishi. Ila vakyumu mtu anaitoa kabatini mara moja kwa wiki tena kwa kujivuta, wakati roboti inatumwa kila siku kwa sababu haichoki. Faida yote inaishia hapo. Na kama ulikuwa unatumia ufagio, basi ufagio haujawahi kuingia soketini, hakuna mashine itakayoupita.

Sasa njoo kwenye kituo, ambacho kwenye maduka ya mtandaoni kinasifiwa kuliko hata roboti yenyewe. Chukua kile kipima umeme cha kuchomeka, kiweke kati ya soketi ya ukutani na kituo, roboti ikiwa imejaa chaji na imetulia. Utasoma wati mbili, tatu, vingine zaidi. Wi-Fi iko macho, kitaa kinawaka, chaja inaipa betri chaji ndogondogo. Wati tatu utaziona si kitu, lakini kwa saa 24 ni wati-saa 72, yaani karibu betri nzima imeliwa na hakuna hata unywele uliookotwa. Kwa mwaka ni uniti 26. Anayefagilisha mara mbili kwa wiki anatumia umeme mwingi zaidi kwenye kusubiri kuliko kwenye kazi.

Vituo vinavyofua pedi ndiyo balaa. Kupasha lita moja ya maji kutoka nyuzi 20 hadi 60 kunataka wati-saa 47 hivi. Hiyo ni fizikia, hata kampuni iwe hodari vipi hailikwepi hilo. Baada ya hapo inakuja hewa ya moto ya kukaushia: kihita cha wati 50 kikipuliza saa tatu ni wati-saa 150, mara mbili ya betri iliyofagia nyumba nzima. Najua kwa nini wameiweka, pedi ikibaki mbichi kule chini inavunda. Lakini pedi hiyo hiyo inachomoka, na ukiianika kwenye kamba inakauka bure. Kwenye maji, kusema haki, roboti inabana kweli: ukiacha yale ya kufulia pedi, inapiga deki kwa maji yasiyozidi kikombe au viwili, wakati mtu na ndoo yake anamwaga lita kadhaa. Tatizo ni kwamba pedi nyingi ni za poliesta, na kila zikifuliwa nyuzi zake ndogondogo za plastiki zinaondoka na maji machafu. Mifuko ya vumbi ya kutupa sina la kuisemea, ni takataka ya kubebea takataka.

Ila hayo yote ni chenji. Pesa yenyewe iko kwenye mwili wa mashine. Fungua roboti moja ya kawaida yenye lesa ya kupimia chumba utakuta mota sita: mbili za magurudumu, moja ya brashi kuu, moja ya brashi ya pembeni, moja ya feni, na moja ya kuzungusha lesa. Kuna sumaku za neodimiamu, bodi, sensa, na betri ya lithiamu ambayo mara nyingi ina kobalti ndani. Kuchimba na kuyeyusha vyote hivyo kumekwisha fanyika kabla hujafungua boksi, na iwe utaitumia miaka miwili au minane, gharama hiyo kwa mazingira ni ileile. Mwaka 2022 dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za kielektroniki, na zilizothibitika kukusanywa na kurejelezwa ni asilimia 22.3 tu.

Na zinazoletwa kwangu kwa jina la "imekufa", nyingi ni nzima. Kuna moja ilikuwa inatoka kituoni, inarudi nyuma, inazunguka, inalalamika. Chini kwenye ukingo wa mbele kuna vioo vidogo vya sensa za kuzuia isiporomoke kwenye ngazi. Vilikuwa vimefunikwa na vumbi, kwa hiyo kila ilipo yenyewe inajiona iko ukingoni mwa shimo. Kitambaa kikavu, kazi imekwisha. Mwenye nayo alishachagua mpya. Nyingine nywele zimejisokota kwenye shafti ya brashi ya pembeni mpaka gia zimesagika, na spea yake ni kijisehemu cha kushika kiganjani.

Betri nazo zinaonewa. Ile ya volti 14.4 ni seli nne zimepangwa mfululizo, au jozi nne kwenye zile kubwa. Jozi moja ikichoka, bodi ya ulinzi inakata umeme wote, na seli zilizobaki nzima zinatupwa pamoja na mbovu. Kwenye modeli nyingine betri iko chini ya kifuniko cha skrubu mbili. Kwenye nyingine unabomoa gamba lote ndipo uifikie, na hapo mteja anaona bora anunue mpya. Huko Ulaya sheria ya betri inataka kuanzia tarehe 18 Februari 2027 mtumiaji aweze kuitoa na kuibadilisha mwenyewe, na mimi naisubiri kwa hamu.

Kuna kifo kingine ambacho fundi hana dawa nacho. Mwaka 2023 Vorwerk ya Ujerumani iliifunga Neato Robotics, kampuni yake ya roboti za kufagia, na kuahidi seva (kompyuta za kampuni zinazounganisha roboti na simu yako) zitaendelea kwa miaka mitano angalau. Mwaka 2025 huduma hiyo ikaanza kuondolewa. Mota nzima, betri nzima, lakini ratiba na ramani za kwenye simu zimekwenda, umebaki na kubonyeza kitufe. Ipo programu huria inaitwa Valetudo inayoziondoa baadhi ya roboti kwenye utegemezi wa seva, ila kuiweka kunataka mtu mwenye moyo.

Kwa hiyo mkuu, kama vakyumu yako bado inafanya kazi, sioni sababu ya kimazingira ya kununua roboti. Kama unaitaka kwa ajili ya mgongo wako, nunua, hiyo ni sababu nzuri tu, lakini chukua yenye kituo cha kuchajia peke yake, inayowaka kwa kitufe bila akaunti, na ambayo brashi, filta na magurudumu yanauzwa peke yake. Kituo usikiweke juani; lithiamu iliyojaa na yenye joto inazeeka haraka. Ukisafiri, zima roboti, chomoa kituo. Betri ikifa, ziba ncha zake kwa utepe uipeleke wanakopokea betri, maana ikibanwa ndani ya gari la taka inaweza kulipuka moto.

Ukishachagua modeli, weka jina lake hapa na picha ya upande wa chini. Nikiona skrubu za betri zilipo nitakuambia kama inafunguka au ni ya kubomoa.