"Tukitia sahihi kwa mpatanishi, polisi hawamgusi tena?"

SWALI

Assalaam alaykum wakili. Mtoto wa marehemu ndugu yangu ana miaka 16, namlea mimi hapa Langoni, Lamu. Mwanzo wa kaskazi yeye na wenzake wawili waliiba mashine ya boti ya jirani yetu mvuvi. Mashine imepatikana, lakini imefunguliwa na vyombo vingine vimeshauzwa. Siku ilipoibiwa jirani aliandikisha OB, daftari la matukio la polisi, hakuwa akijua ni nani. Sasa amejua, naye hataki kijana afungwe, kwani alikuwa akivua na babake. Nduguze ndio wakali. Wameshampiga kijana, na wasema watamsomea Halbadiri mpaka awataje wenzake. Wazee wa mtaa wako tayari kukaa. Kisha ametokea bwana mmoja mwenye kitambulisho shingoni na muhuri wake, ajiita mpatanishi wa haki mbadala. Ataka shilingi 20,000, na asema tukishatia sahihi karatasi yake, polisi wala mahakama hawana ruhusa ya kumgusa kijana tena. Ni kweli?

Shangazi mtu, Langoni

JIBU

Waalaykumu salaam, shangazi. Si kweli, na bwana huyo usimpe hata shilingi moja. Karatasi yake haimzuii askari, haimzuii kiongozi wa mashtaka, haimzuii hakimu. Hakuna sheria Kenya inayompa mtu binafsi uwezo wa kuifuta kesi ya jinai kwa muhuri aliochongewa dukani.

Karatasi hizo nazijua. Huletwa ofisini kwangu hapa Malindi zikiwa zimekunjwa mara nne, kijana yuko seli tayari, na mama aliyeuza mbuzi ili azipate ananiuliza mbona askari hakuzijali. Juu pana picha ya mizani, chini pana alama za dole gumba, na katikati pana maneno ambayo hayabadiliki sana kutoka karatasi moja hadi nyingine: mlalamishi amelipwa na ameahidi kwamba habari hii hataifikisha popote. Maneno hayo ndiyo yenye sumu. Wizi katika sheria yetu umo kwenye fungu la makosa makubwa, hata ukiwa wizi wa kuku, na kifungo chake cha kawaida hufika miaka 3. Kifungu cha 118 cha Kanuni ya Adhabu kinasema ni kosa kupokea mali au faida yoyote kwa makubaliano ya kulificha au kulizima kosa la namna hiyo. Basi anayejifunga kwanza kwa karatasi ile ni jirani yako, yeye aliyeibiwa. Bwana wa muhuri hamwambii hilo, na jina lake mwenyewe halimo kwenye karatasi. Angalia vizuri utaona.

Kumbuka pia kwamba kesi ya jinai, hata ikianza na mashine ya mvuvi mmoja, huandikwa kwa jina la Jamhuri. Mwenye kuamua iendelee au isiendelee ni Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma, kwa kifungu cha 157 cha Katiba. Ile OB iko kituoni na itabaki kituoni. Hata miaka miwili kutoka sasa, ofisa mgeni anaweza kuifungua akaanza kuuliza.

Sasa naomba usiinuke hapa ukasema kumbe wazee hawana maana, twende kituoni tu. Hilo litaniuma zaidi kuliko zile 20,000. Mimi nimetumia sehemu kubwa ya kazi yangu kuwatoa watu rumande waliowekwa kwa mambo ambayo baraza lingeyamaliza vizuri zaidi, na ukaguzi wa mfumo wetu wa jinai uliofanywa mwaka 2016 ulikuta kile ambacho kila mtu wa mtaani anakijua: maskini ndiye hukamatwa, hushtakiwa na kufungwa kwa urahisi kuliko mwenye nacho. Nyinyi Lamu ngome yenu ilimalizika kujengwa mwaka 1821. Ikageuzwa gereza mwaka 1910 na ikabaki hivyo hadi 1984. Watu wa mji ule waliibiana, wakadaiana na wakapatanishwa kwa karne nyingi kabla ya hapo. Katiba ya 2010, kifungu cha 159, inaziagiza mahakama ziendeleze usuluhishi na njia za jadi, na mwaka 2020 Mahakama ikazindua sera nzima ya mifumo mbadala ya haki. Wazee wenu hawajifichi kwa mtu. Wana msingi.

Kwa kijana wa miaka 16 mlango uko wazi zaidi. Sheria ya Watoto ya 2022 inaruhusu mtoto aliyekosa aondolewe kwenye njia ya mashtaka, mradi akubali kosa lake bila kulazimishwa, mlezi wake aridhie, na kiongozi wa mashtaka aridhie. Hapo anaweza kupangiwa kulipa, kuomba radhi, kutumika, kushauriwa. Katiba nayo, kifungu cha 53, inataka mtoto asizuiliwe ila pale njia nyingine zote zimeshindikana, na akizuiliwa atengwe na watu wazima. Kwa hiyo kikao chenu kifanyeni, lakini kifanyeni mchana kweupe. Mwiteni afisa wa watoto wa kaunti aketi nanyi. Andikeni yaliyosemwa na yaliyokubaliwa, kisha jirani yako na wewe mkayapeleke kwa kiongozi wa mashtaka kwa miguu yenu. Ikiwa mashtaka yameshaingia kortini, kifungu cha 204 cha Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Jinai kinampa mlalamishi nafasi ya kumwomba hakimu aondoe lalamiko lake kwa sababu za kutosha. Hakimu atataka kuziona hizo sababu. Kumbukumbu nzuri za kikao ni sababu. Risiti ya mpatanishi si sababu.

Na hapa ndipo penye kosa linalonichosha. Watu wengi, na wasomi wamo, wanadhani haki ya kijamii ni njia rahisi: unalipa, unanyamaza, yanakwisha. Wanaipenda kwa sababu hiyo, na wengine wanaichukia kwa sababu hiyo hiyo. Ukishaiona ikifanywa sawasawa huwezi kuiita rahisi. Niliwahi kukaa katika kikao huku Malindi, nyuma ya bandari ya wavuvi, juu ya nyavu zilizoibiwa na kijana wa mtaani. Mzee aliyeongoza hakuanza na fedha. Alimwambia mwenye nyavu, "Tuambie umepotewa na nini," akanyamaza. Yule mvuvi alitaja nyavu, akataja vielea na kamba, kisha akasita. Akasema kilichomuuma ni mabaharia wake wawili, ambao baada ya siku chache za kukaa bure walihamia chombo cha mtu mwingine, na mmoja wao ni mume wa bintiye, na tangu hapo nyumbani hawali sinia moja. Kijana alikuwa amejiandaa kusema atalipa. Hilo la sinia hakuwa amejiandaa nalo. Ilichukua muda mrefu kabla hajaweza kusema neno, na mzee hakumsaidia.

Kilichofuata kilikuwa kazi. Waliandika nani atalipa nini na tarehe gani, kijana atatia viraka nyavu za nani na chini ya jicho la nani, na kaka yake mkubwa akakubali kubeba malipo yatakayokwama. Waliandika pia kwamba akishindwa mara mbili, kikao kitamwambia kiongozi wa mashtaka, wala hawatamficha. Mama mmoja, jirani tu, ndiye aliyepewa jukumu la kufuatilia, na alifuatilia kwa ukali ambao sijauona kwa askari yeyote. Sasa linganisha na nusu saa ya bwana wako wa muhuri: fedha, sahihi, kahawa, kwaheri. Kwake hakuna anayeuliza mvuvi amepoteza siku ngapi za kaskazi, wakati bahari imetulia na samaki wapo. Hakuna anayeuliza vile vyombo vya mashine viliuzwa kwa nani. Na huyo mnunuzi, shangazi, ni mtu mzima anayejua wazi kwamba mtoto wa miaka 16 hana mashine ya kuuza. Kikao chenu kikimsahau huyo, mtakuwa mmewaonea watoto watatu na kumwacha mkubwa wao.

Kuhusu kipigo. Mpeleke kijana hospitali ya King Fahd leo, aangaliwe na iandikwe. Sikwambii ukawashtaki wale ndugu. Hilo nalo linaweza kuwekwa mezani kwenye kikao, waombe radhi kama kijana anavyotakiwa kuomba. Lakini asikalishwe mbele ya watu kukiri wakati bado ana alama za fimbo mgongoni. Kukiri huko hakufai kwa wazee, hakufai kwa mahakama, na kunaibomoa njia yote niliyokueleza, maana sharti la kwanza la sheria ni kwamba mtoto amekubali bila kulazimishwa. Halbadiri nayo iacheni kando. Sisemi neno juu ya kisomo chenyewe. Nasema juu ya kumtishia mtoto kwacho. Mtoto aliyejaa hofu hutaja jina lolote linalomjia mdomoni, na jina hilo ni la mtoto wa mwenzenu.

Huku kwetu bara ya Malindi tuna kiraho, kiapo cha kumtafuta mwenye kosa, cha papai na cha shoka la moto, na nimeona yanayotoka humo. Kaunti ya Kilifi imezika wazee wengi walioitwa wachawi, mara nyingi nyuma yake kukiwa na shamba ambalo mtu analitamani. Waliosalimika, baadhi yao wamekimbilia hifadhi ya Kaya Godoma, Ganze. Wanaofanya mauaji hayo nao husema jamii imeamua. Kwa hiyo mtu akiniambia jambo fulani ni jema kwa sababu limefanywa na jamii bila polisi, humwuliza katika kikao hicho mnyonge alikuwa nani na nani alisimama upande wake. Katiba yenyewe, baada ya kuzikaribisha njia za jadi, ikaziwekea mpaka hapo hapo: zisivunje haki za binadamu, zisichukize uadilifu, zisipingane na sheria.

Bwana wako huenda akakutajia kesi ya Mohamed Abdow. Wote huitaja. Ni kesi ya mauaji iliyokuwa mbele ya Mahakama Kuu Nairobi, ikaondolewa mwaka 2013 baada ya familia mbili kupatana kwa desturi na kwa dini. Wakishaitaja huishia hapo, kana kwamba ngamia wa fidia walitolewa na jaji akakuta kesi haipo. Haikuwa hivyo. Ofisi ya Mkurugenzi wa Mashtaka ndiyo iliyoomba kuiondoa, jaji akasikiliza sababu, akaruhusu. Familia zilienda mlangoni zikabisha. Na baada ya hapo majaji wengine walioletewa mapatano ya mauaji wameyakataa. Kila karatasi ya kitapeli inayofika mezani kwa hakimu humfanya aitilie shaka karatasi ya kweli inayofuata. Ndiyo maana nawaona watu hawa kuwa hatari kuliko askari mla rushwa: yule anaharibu kesi moja, hawa wanaiharibu njia ambayo maskini wanayo.

Kuna jambo moja ambalo hamkuniuliza, lakini siwezi kulinyamazia nikishaandika neno baraza. Mpatanishi wa aina hii haanzii kwenye mashine za boti. Soko lake kubwa ni watoto walionajisiwa. Huketi na baba wa msichana na baba wa mwanamume, husema tuepushe fedheha, tusiharibu maisha ya vijana wawili, atamwoa, hizi hapa gharama, na msichana mwenyewe yuko jikoni, hakuna aliyemwita. Hicho si kikao cha jamii, ni mauzo. Kifungu cha 40 cha Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006 kinasema uamuzi wa kusimamisha uchunguzi au mashtaka ya makosa haya hauko mikononi mwa polisi wala familia. Uko kwa mwenye mamlaka ya mashtaka peke yake. Mzee, imamu, chifu au mwenyekiti wa nyumba kumi anayeketi kulimaliza jambo kama hilo anashiriki katika kulificha.

Wazee wa kweli wanaijua mipaka hii, na ninaowaheshimu hukataa kabla hawajamaliza kusikia. Husema: hili si letu, mpelekeni mtoto hospitali kwanza, asioge, nguo zake msizifue. Halafu huandamana na mama hadi kituoni ili asirudishwe mlangoni. Mkiketi kwa ajili ya kijana wenu, waulizeni wazee wenu wangefanya nini wakiletewa jambo la namna hiyo, na msikilize vizuri jibu lao kabla hamjawakabidhi kijana. Na yeyote mtaani kwenu anayesikia kikao kama hicho kinaandaliwa, usiku au mchana, apige 116, simu ya watoto. Hailipishwi.